Malaria kwa mjamzito: homa haipo, vimelea vipo

Mtu akiulizwa dalili za malaria, jibu huja haraka: homa, kutetemeka, kichwa kuuma, viungo kulegea. Kwa mjamzito anayeishi kwenye eneo lenye malaria nyingi, jibu hilo halitoshi, na mara nyingi linampotosha. Anaweza kukaa wiki nyingi na vimelea mwilini bila kupata homa hata siku moja. Analima, anafua, anakwenda gulioni. Akichomwa kidole, kipimo kinaweza kusoma kwamba hana malaria, kumbe kondo lake la nyuma limejaa vimelea na mtoto tumboni hapati chakula chake kamili. Ndiyo maana kinga ya malaria kwa mjamzito, yaani vidonge vya dawa iitwayo SP, hupangwa kwa kufuata wiki za mimba, bila kungoja aumwe. Asiyeelezwa sababu ya utaratibu huu ana haki ya kuuliza: kwa nini nimeze vidonge vya SP wakati siumwi?

Swali hilo linawahusu wengi. Kwa makadirio ya Shirika la Afya Duniani (WHO), mwaka 2023 mimba zipatazo milioni 12 katika nchi za Afrika zenye malaria ya wastani na nyingi zilikumbwa na maambukizi. Hiyo ni karibu mimba moja katika kila tatu.

Kinga ya utotoni na pengo lake

Anayekulia Kigoma, Geita, Mtwara au Lindi, au upande wa Kenya kwenye kaunti za kandokando ya Ziwa Victoria, huanza kuumwa na mbu wenye malaria tangu akiwa mchanga. Akivuka utoto anakuwa amejenga kinga ya kiasi. Vimelea bado vinamwingia, lakini mwili unavidhibiti visimlaze kitandani. Halafu anashika mimba ya kwanza, na kinga hiyo inaonekana kama imepotea. Zamani ilielezwa kwamba mimba hushusha kinga ya mwili kwa jumla, basi. Maelezo hayo yana ukweli kidogo, ila hayajibu swali moja muhimu: kwa nini katika maeneo hayo mimba ya kwanza inaathirika zaidi kuliko ya tatu au ya nne, wakati mimba zote hushusha kinga?

Jibu limo kwenye tabia ya kimelea chenyewe. Plasmodium falciparum, kinachosababisha sehemu kubwa kabisa ya malaria ya Afrika Mashariki, huingia ndani ya chembe nyekundu ya damu, kisha hutoa protini inayojitokeza juu ya chembe hiyo. Kazi ya protini hiyo ni kuinasisha chembe kwenye kuta za mishipa midogo ili isizunguke hadi kwenye bandama, kwa sababu bandama huchuja na kuharibu chembe zenye kasoro. Kimelea kimoja kina jeni takriban 60 za protini za aina hii, na hutumia moja tu kwa wakati mmoja, kama mwizi mwenye kabati la nguo: kinga ikishaizoea moja, anavaa nyingine. Mtu mzima wa Kigoma kinga yake imeshaziona nguo karibu zote za kabati hilo.

Imebaki moja. Inaitwa VAR2CSA, na hunasa kwenye sukari ndefu inayojulikana kama konduroitini salfeti A, ambayo ipo kwa umbo la pekee kwenye uso wa kondo la nyuma. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, wakichunguza makondo ya akina mama waliojifungua magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba vimelea vya kwenye kondo hunasa hapo, tofauti na vimelea vya watu wengine. Protini yenyewe ilitambuliwa mwaka 2003, na utafiti uliofanyika Muheza, mkoani Tanga, ni miongoni mwa kazi zilizotufundisha mengi kuhusu madhara yake.

Mambo mengi yanaeleweka kuanzia hapo. Mwanamume hana kondo, na msichana ambaye hajawahi kushika mimba hana pia, kwa hiyo vimelea vinavyotumia VAR2CSA havina pa kunasa kwao, na kinga zao hazijawahi kupambana navyo. Ukipima damu za wanaume wa kijiji chenye malaria tele, kwa kawaida hukuti kingamwili za protini hiyo, yaani silaha ambazo mwili hutengeneza kuilenga. Mimba ya kwanza ndiyo mlango wa kwanza. Mama anaanza kuzitengeneza kingamwili hizo akiwa tayari na maambukizi kwenye kondo, na mara nyingi zinakuja kwa kuchelewa. Mimba ya pili inamkuta amejiandaa kidogo, ya tatu zaidi. Kwa hiyo msichana wa miaka 18 mwenye mimba ya kwanza, anayeonekana na afya kuliko wote kwenye foleni ya kliniki, ndiye anayehitaji kuangaliwa kwa karibu zaidi.

Virusi vya UKIMWI huvuruga mpangilio huu. Mama anayeishi na VVU hajengi vizuri kinga hii ya kuongezeka mimba hadi mimba, hivyo hata mimba yake ya nne huweza kuwa na maambukizi mazito ya kondo kama ya kwanza.

Mbu nao wana sehemu yao. Utafiti uliofanyika Gambia ulionyesha kwamba wajawazito huvutia mbu wa malaria karibu mara mbili ya wanawake wasio na mimba. Mjamzito hutoa hewa nyingi zaidi anapopumua, na tumbo lake lina joto kidogo zaidi, na mbu hufuata vyote viwili. Tena hutoka nje ya chandarua usiku mara nyingi zaidi kwenda haja ndogo.

Ndani ya kondo

Damu ya mama haichanganyiki na ya mtoto. Humwagika kwenye nafasi zilizo kati ya vijitawi vya kondo, na chakula na oksijeni hupita kwenye ukuta mwembamba wa vijitawi hivyo hadi kwenye damu ya mtoto. Chembe zenye vimelea zikifika kwenye nafasi hizo hunasa ukutani na kurundikana. Mwili wa mama hupeleka chembe nyeupe kupambana nazo, na hapo ndipo madhara makubwa huanza. Mkusanyiko wa chembe nyeupe huleta uvimbe wa ndani, ukuta huwa mnene, na mitambo inayopitisha sukari na virutubisho vya protini kwenda kwa mtoto hudhoofika. Mtoto anakula kwa kupunjwa ingawa mama anakula vizuri.

Dawa inaweza kuviua vimelea vyote, lakini masalia yake meusi hubaki kwenye kondo kwa muda mrefu, na uvimbe huchukua muda kutulia. Wakati wa maambukizi nao una uzito wake. Yakija mapema, katika miezi ya mwanzo, kondo lenyewe bado linajengwa na mishipa yake inajipanga, kwa hiyo linaweza kubaki na kasoro hadi mwisho. Yakija katika miezi mitatu ya mwisho, yanamkuta mtoto katika kipindi anachopaswa kuongezeka uzito kwa kasi kuliko wakati wowote. Hakuna miezi ambayo malaria haina madhara katika mimba. Hata hivyo, sehemu kubwa ya wanawake wetu hufika kliniki kwa mara ya kwanza baada ya miezi ile ya mwanzo kupita.

Matokeo yanayoonekana zaidi ni mtoto kuzaliwa na uzito chini ya kilo 2.5, ama kwa sababu amezaliwa kabla ya wiki 37, ama kwa sababu amefikisha siku zake lakini hakukua. Mtoto wa namna hiyo hupoteza joto haraka, huchoka kunyonya, hushambuliwa na maambukizi kwa urahisi, na uwezekano wa kufariki katika mwezi wa kwanza ni mkubwa kuliko kwa mwenzake mwenye uzito wa kawaida. Kondo lenye malaria hupunguza pia kingamwili ambazo mama humpa mtoto kabla hajazaliwa, zikiwemo za surua. Mimba kuharibika na mtoto kufia tumboni ni matokeo mengine, na hutokea.

Kwa mama mwenyewe adui mkubwa ni upungufu wa damu. Kila kimelea kinapokomaa hupasua chembe nyekundu kilimokuwa. Zaidi ya hizo, mwili huharibu chembe nyingine ambazo hazikuwa na vimelea, na uboho hupunguza kasi ya kutengeneza mpya. Juu ya hapo kuna uhaba wa madini ya chuma kwenye chakula, minyoo ya safura, na kwa wanaoishi karibu na ziwa, kichocho. Hemoglobini chini ya gramu 11 kwa desilita katika mimba huhesabiwa kuwa upungufu wa damu, na chini ya 7 ni upungufu mkali. Mwanamke anayeingia chumba cha kujifungulia akiwa na hemoglobini ya 6 hana akiba. Damu ambayo mwenzake angeipoteza na kupona humweka yeye kwenye hatari ya kifo, na kwenye cheti huandikwa kwamba amefariki kwa kutokwa na damu. Malaria iliyomwandaa kwa kifo hicho miezi mitatu kabla haitajwi popote. Jambo hili lingefaa kusemwa wazi kila kikao cha kujadili vifo vya akina mama.

Hali ni tofauti kwenye maeneo yenye malaria chache, kama nyanda za juu za Njombe, Arusha au Kilimanjaro. Huko mwanamke hana ile kinga ya utotoni, kwa hiyo akiambukizwa, mimba iwe ya kwanza au ya tano, anaumwa kweli: homa kali, kutapika, na safari ya haraka kuelekea malaria kali, kuharibika kwa mimba au kifo. Anayetoka Moshi kwenda kumsalimia mama mkwe Geita akiwa na mimba anapaswa kujihesabu mgeni kabisa wa ugonjwa huu, hata kama mumewe alikulia huko na haumwi.

Kipimo kinasema nini, na kinanyamazia nini

Kipimo cha haraka, ambacho vituoni huitwa mRDT, hutafuta protini ya kimelea kwenye tone la damu ya kidole. Hadubini hutafuta vimelea vyenyewe. Vyote viwili hutegemea kilichomo kwenye damu inayozunguka, na vimelea vya kwenye kondo vimenasa, havizunguki kwa wingi. Kipimo kikisoma hasi kwa mjamzito asiye na dalili, maana yake ni kwamba damu ya kidole haina vimelea vya kutosha kuonekana. Hakijathibitisha kwamba kondo ni safi. Kwa sababu hiyo WHO haipendekezi kuacha SP na badala yake kuwapima wajawazito mara kwa mara na kuwatibu wanaokutwa nayo tu.

Kuna mtego wa upande wa pili. Protini ambayo mRDT nyingi hutafuta hubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Mama aliyemaliza dozi siku kumi zilizopita akipimwa tena kwa kipimo hicho huweza kusoma chanya ingawa amepona. Akiwa bado ana homa, apimwe kwa hadubini, na mtoa huduma atafute pia chanzo kingine: maambukizi ya njia ya mkojo ni ya kawaida sana kwa wajawazito na huleta homa inayofanana kabisa.

Tanzania Bara, mjamzito hupimwa malaria kwenye hudhurio la kwanza la kliniki hata kama hajisikii vibaya. Akikutwa nayo hutibiwa. Asipokutwa nayo na mimba imefikisha umri, huanza SP.

SP: vidonge vitatu, na hesabu ya wiki

Dozi moja ya SP ni vidonge 3, kila kimoja kikiwa na miligramu 500 za sulfadoksini na miligramu 25 za pirimethamini. Vyote vitatu humezwa kwa mkupuo mmoja, pale pale kliniki, mbele ya mhudumu. Sharti hili watu hulichukia na kuliona ni kutoaminiwa, lakini lina sababu zake. Vidonge vikipelekwa nyumbani huishia kugawanywa, kimoja leo, kimoja kesho, na hapo dawa haifikii kiwango kinachotakiwa kwenye damu. Au mtoto mwingine wa nyumbani anapata homa, na mama, kama mama yeyote, anampa yeye.

Mama anaweza kumeza SP akiwa ameshiba au ana njaa. Mhudumu anayemrudisha mjamzito nyumbani kwa sababu hajanywa chai anampotezea dozi bila sababu, hasa kama ametembea saa mbili kufika. Kichefuchefu na kizunguzungu kidogo hutokea, zaidi kwenye dozi ya kwanza.

Dozi ya kwanza hutolewa mapema iwezekanavyo kuanzia wiki ya 13, kisha kila hudhurio, mradi umepita mwezi mmoja tangu ya mwisho. Angalau dozi 3 zinatakiwa, ila 3 ni kima cha chini, hazina kikomo cha juu, na inaruhusiwa kumeza hadi siku ya kujifungua. Hapa hesabu inasaidia. Anayeanza wiki ya 13 anaweza kupata tena wiki ya 17, 21, 25, 29, 33 na 37, yaani dozi 7. Anayeanza wiki ya 28 ana nafasi ya 28, 32 na 36. Amezipata 3 kwa shida, na wiki 15 zimepita kondo likiwa wazi. Kila dozi husafisha vimelea vilivyopo na kulinda kwa muda wa mwezi hivi, halafu ulinzi unaisha. Ukiruka miezi miwili, mmoja kati ya hiyo huna kitu.

Wiki ya 13 huhesabiwa kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Kwa asiyekumbuka tarehe, mhudumu hupapasa tumbo: mfuko wa uzazi ukianza kushikika juu ya mfupa wa kinena, mimba ina wiki 12 hivi, ukifika kwenye kitovu, ni kama 20. Mwongozo wa zamani uliwataka akina mama wangoje mtoto acheze kwanza, na wapo wahudumu na mabibi wanaoendelea kuufuata. Kwa mimba ya kwanza mtoto husikika akicheza karibu na wiki ya 18 au 20, kwa hiyo kungoja hivyo kunagharimu dozi nzima, wakati mwingine mbili.

Kwa nini basi wengi hawazipati? WHO ilikadiria kwamba mwaka 2023 ni asilimia 44 tu ya wajawazito wa nchi za Afrika zinazotumia utaratibu huu waliopata dozi 3. Sehemu ya sababu iko nyumbani. Mimba changa hufichwa kwa kuogopa husuda na kijicho, na msichana asiye na mume huificha kwa aibu. Wapo pia wanaongoja mume apate nafasi ya kwenda naye, kwa kuambiwa kwamba bila yeye hawatapokelewa. Sehemu nyingine iko kituoni, nayo haistahili kufichwa: dawa kuisha, maji ya kumezea kukosekana, kadi kujazwa bila mama kumeza, na mhudumu aliyechoka kutamka "umeshamaliza" kwa mama mwenye dozi ya tatu na wiki nane mbele yake.

Wapo wasiopaswa kumeza SP. Aliyewahi kupata vipele vikali au malengelenge baada ya dawa za jamii ya salfa aseme kabla ya kupokea kikombe cha maji. Mama anayeishi na VVU na anayetumia kila siku Septrini, dawa ya kumkinga na maambukizi mengine, hapewi SP, kwa kuwa Septrini nayo ni ya salfa na zote mbili pamoja huongeza hatari ya madhara makali ya ngozi. Septrini yenyewe humpa kinga dhidi ya malaria, mradi aimeze kila siku bila kuruka.

Kosa moja hujificha kwenye asidi ya foliki. Mjamzito anaihitaji, na kiwango cha miligramu 0.4 kwa siku, kilicho kwenye vidonge vya pamoja na madini ya chuma vya kliniki, hakina tatizo. Lakini maduka mengi ya dawa yana vidonge vya miligramu 5. SP humuua kimelea kwa kumzuia asitengeneze foliki yake, na foliki nyingi namna hiyo hudhoofisha kazi hiyo. Anayejinunulia mwenyewe asome kilichoandikwa kwenye kopo.

Swali la usugu huulizwa kila mara, na ni swali zuri. Tanzania iliacha kutibu malaria kwa SP mwaka 2006 kwa sababu vimelea vilikuwa sugu, na kaskazini mashariki, pande za Tanga, usugu uko juu hasa. Iweje wajawazito waendelee kupewa? Majaribio makubwa yaliyofanyika Kenya, Malawi na Tanzania, matokeo yakatolewa mwaka 2023, yaliilinganisha SP na dawa ya dihidroatemisinini na piperakwini. Dawa hiyo ilizuia malaria vizuri zaidi. Hata hivyo watoto hawakuzaliwa na hali bora kuliko wa kundi la SP. Inaelekea SP humsaidia mtoto kukua kwa njia nyingine zisizo za malaria, pengine kwa kupambana na bakteria, na jambo hilo bado linachunguzwa. Kwa sasa, mama aliyekaa sehemu yenye malaria nyingi anafaidika akiimeza. Utaratibu haufanani kila mahali: Kenya huitoa kwenye kaunti za Ziwa na Pwani, Rwanda iliacha, na Zanzibar, ambako malaria ilishuka mno, nayo iliacha na kutegemea upimaji.

Chandarua kabla ya tumbo kuonekana

Wiki 12 za mwanzo SP haitolewi, kwa hiyo chandarua chenye dawa ndicho ulinzi pekee wa kipindi hicho. Tanzania Bara mjamzito hupewa bure kwenye hudhurio la kwanza. Kuchelewa kliniki kunamkosesha vyote viwili. Chandarua kipya kianikwe kivulini saa 24 kabla ya kutumiwa, jua kali huharibu dawa yake, na kikifuliwa kifuliwe kwa sabuni ya kipande bila dawa ya madoa. Kichomekwe chini ya godoro au mkeka pande zote. Kwa safari za usiku za haja ndogo, ndoo yenye mfuniko ndani ya nyumba hupunguza muda wa kuwa nje, na anayerudi kitandani akichomeke tena, maana pembe moja iliyoachwa wazi inatosha.

Akiumwa

Mjamzito mwenye homa apimwe siku hiyo hiyo. Akikutwa na malaria isiyo kali, SP haimtibu, na asinunue SP dukani akidhani ameshapata dawa. Dawa ni mseto wa artemeta na lumefantrini, yaani ALu: vidonge 4 kila mara, mara mbili kwa siku, siku 3, jumla vidonge 24. Dozi ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, halafu kila saa 12. Kila dozi iende na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, kwani lumefantrini haifyonzwi vizuri tumbo likiwa tupu. Akitapika ndani ya nusu saa, arudie dozi. Wanaoacha siku ya pili kwa kuwa homa imetulia hubakiza vimelea, na vikibaki vinajua pa kwenda.

Kwa miezi mitatu ya mwanzo dawa iliyozoeleka ilikuwa kwinini kwa siku 7. Mwaka 2022 WHO ilipendekeza ALu itumike katika kipindi hicho pia, baada ya ushahidi kuonyesha kwamba haikuongeza mimba kuharibika wala kasoro za mtoto ikilinganishwa na kwinini. Miongozo ya nchi haibadiliki kwa siku moja, hivyo mama anaweza kukuta kituo bado kinatoa kwinini. Muhimu aseme mapema kwamba ana mimba, au kwamba hedhi imechelewa. Doksisaiklini na primakwini hazitolewi kwa mjamzito. Mwarobaini na chai ya artemisia si tiba: kiasi cha dawa kilichomo hakijulikani, na usalama wake kwa mimba haujathibitishwa.

Malaria kali ni jambo la hospitali, bila kungoja kesho. Ishara zake ni kupoteza fahamu au kuchanganyikiwa, degedege, kushindwa kunywa, kutapika kila kitu, kupumua kwa shida, macho ya njano, viganja vyeupe, mkojo mweusi kama kahawa, kutokwa na damu ukeni, au mtoto kuacha kucheza. Tiba ni sindano ya artesuneti, miligramu 2.4 kwa kila kilo ya uzito, inapoanza, saa 12 baadaye, saa 24, kisha mara moja kila siku hadi aweze kumeza ALu kamili ya siku 3. Hutolewa katika umri wowote wa mimba. Sukari kwenye damu ipimwe mara kwa mara, kwa sababu wajawazito huishiwa sukari haraka, na kwinini huzidisha tatizo hilo. Maji ya mishipani yatolewe kwa kipimo, maana mapafu yao hujaa maji kwa urahisi, hasa mara tu baada ya kujifungua.

Degedege kwa mjamzito lina mtego wa kuua. Baada ya wiki ya 20 inaweza kuwa malaria ya ubongo, inaweza kuwa kifafa cha mimba, inaweza kuwa sukari imeshuka. Presha, protini kwenye mkojo, kipimo cha malaria na sukari vyote vipimwe kwa pamoja. Kipimo cha malaria kikisoma chanya kisimfanye mtu aache kupima presha: kwenye eneo la malaria nyingi mama anaweza kuwa na vimelea na kifafa cha mimba kwa wakati mmoja, na magnesiamu salfeti, dawa ya kifafa cha mimba, ikichelewa kwa sababu kila mtu anaitazama malaria, anakufa.

Hatari haiishi siku ya kujifungua. Utafiti wa Senegali ulionyesha kwamba uwezekano wa kupata malaria hubaki juu kwa takriban siku 60 baada ya kuzaa, kipindi ambacho macho yote yako kwa mtoto na homa ya mama husemwa ni ya maziwa au ya uchovu. Apimwe malaria, na achunguzwe pia maambukizi ya mfuko wa uzazi na ya matiti. Akikutwa na malaria anaweza kutumia ALu huku akinyonyesha. Chandarua kiwe kipana cha kuwatosha wote wawili, na mtoto aliyezaliwa chini ya kilo 2.5 abebwe kifuani ngozi kwa ngozi, anyonyeshwe kila saa mbili au tatu hata kama haombi, na kurudishwa kliniki kupimwa uzito bila kungoja tarehe ya chanjo.